Neno refu la Kiingereza lina mshono: mwongozo kamili wa kulifumua

Shangazi yangu alitoka hospitalini na karatasi ya ruhusa ambayo kwenye mstari wa upasuaji iliandikwa "laparoscopic cholecystectomy". Hakuna aliyemfafanulia. Kijana mmoja pale nyumbani akaokota herufi nne za katikati, "cyst", akazitafuta kwenye simu, akakuta habari za uvimbe wenye majimaji. Kwa siku mbili nyumba nzima ikaamini kwamba shangazi ana uvimbe ambao madaktari wamemficha.

Nilipofika nilikaa naye kitandani, nikachukua kalamu na kulikata lile neno la pili vipande vitatu: chole / cyst / ectomy. Nyongo, kifuko, kukata na kuondoa. Ameondolewa kifuko cha nyongo, hilo tu. Neno la kwanza nalo lina "laparo", yaani tumbo, na "scop", yaani kutazama: walimfanyia kwa kamera, kupitia matundu madogo. Shangazi akasogeza kanga, akavihesabu vile vidonda vinne vidogo tumboni mwake, akasema, "Kumbe ndiyo maana hawakunipasua pote."

Tangu siku ile nimewafundisha watu wengi njia hii, na hapa naiandika yote. Mifano mingi nitaitoa kwenye karatasi za hospitali kwa sababu huko ndiko maneno haya yanakotutisha zaidi, na ndiko kutoyaelewa kunakogharimu. Lakini njia yenyewe inafaa pia kwenye mkataba, kitabu cha sayansi au barua ya ofisi.

Kwa nini wewe msomaji wa Kiswahili umeshafika nusu ya njia

Tazama neno "hawajatukaribisha". Lina herufi 17, na mtoto wa darasa la pili halihangaikii. Anasikia "ha" ya kukanusha, "wa" ya wao, "ja" ya jambo ambalo bado, "tu" ya sisi, kisha mzizi "karib" na "isha" ya kusababisha. Hakuna aliyewahi kulikariri neno hilo likiwa zima. Tunalijenga na kulibomoa kila siku bila kufikiri.

Maneno marefu ya Kiingereza yamejengwa vivyo hivyo, kwa vipande vinavyojirudia. Tofauti ni kwamba vipande vyake vingi si vya Kiingereza cha nyumbani. Ni vya Kigiriki na Kilatini, lugha ambazo wasomi wa Ulaya walizitumia kwa karne nyingi. Ndiyo maana mtu anaweza kujua vizuri kwamba "liver" ni ini, halafu akakwama kwenye "hepatitis". Kiingereza kina ini mbili: ile fupi ya buchani na ile ya kitabuni, "hepat". Figo ni "kidney" ukiwa jikoni, lakini kwenye maneno marefu ni "nephr" au "ren". Moyo ni "heart" kwa wapendanao na "cardi" kwa madaktari. Ukishalijua hili utaacha kujilaumu kwamba Kiingereza chako ni kibovu. Msamiati wa pili hukufundishwa tu.

Na baadhi yake tayari unao. "Lojia" ya saikolojia na teknolojia ndiyo "logy" ya Kiingereza. "Grafia" ya jiografia ndiyo "graphy", na "jio" yake ni dunia. "Demo" ya demokrasia ni watu, na ndiyo iliyomo ndani ya "epidemic", ugonjwa uliowaangukia watu, na "pandemic", uliowaangukia watu wote. Hata falsafa yetu, iliyotufikia kupitia Kiarabu, ni "philosophia" ya Wagiriki: "philo" kupenda, "sophia" hekima.

Hatua ya kwanza: anza mkiani

Hii ndiyo hatua kubwa kuliko zote. Nikiambiwa nifundishe moja tu, nitafundisha hii.

Kiswahili hutaja jambo lenyewe kwanza, kisha kinaeleza ni la nini: kuvimba kwa ini, elimu ya moyo, mchoro wa ubongo. Neno refu la Kiingereza huenda kinyume, jambo lenyewe likakaa mwisho. Kwa hiyo ukilisoma kutoka kulia kwenda kushoto, kama asomaye herufi za Kiarabu, linakuja kwa mpangilio wa Kiswahili moja kwa moja. Lirudie neno la shangazi: ectomy, cyst, chole. Kuondolewa kwa kifuko cha nyongo. Hakuna kilichobaki cha kupanga upya.

Jaribu "electrocardiogram", kile kipimo ambacho kwenye karatasi hufupishwa ECG. Kutoka kulia: gram ni mchoro, cardio ni moyo, electro ni umeme. Ni mchoro wa umeme wa moyo. Sasa nenda kwa lile jitu lenye herufi 19, "otorhinolaryngology": logy, laryngo, rhino, oto. Elimu ya koo, pua na sikio. Kumbe ni idara ileile ambayo mlangoni wameandika ENT.

Hatua ya pili: ijue mikia michache, lakini uijue barabara

"Itis" ni kuvimba kwa kiungo, mara nyingi pamoja na maumivu. Hepatitis, ini. Gastritis, tumbo. Arthritis, viungo vya mwili. Tonsillitis, mafindofindo. Appendicitis, kidole tumbo. Meningitis, ngozi nyembamba zinazofunika ubongo na uti wa mgongo. Kiswahili mara kadhaa kimeyatafsiri kwa neno "homa": homa ya ini, homa ya uti wa mgongo. Ndiyo maana wengi hawaoni kwamba magonjwa hayo mawili yana mkia mmoja.

"Osis" ni hali, mara nyingi ya ugonjwa: "tuberculosis", kifua kikuu, ni hali ya kuwa na "tubercle", vinundu vidogo.

"Aemia" ni damu. Hapa kaa kidogo, kwa sababu herufi hizi zimo kwenye karatasi nyingi mno. "Anaemia": "an" ni bila, kwa hiyo upungufu wa damu. "Leukaemia": "leuk" ni nyeupe, saratani inayohusu chembe nyeupe za damu. "Glyc" ni kitu kitamu, yaani sukari, kwa hiyo "glycaemia" ni sukari iliyomo kwenye damu. Neno likianza badala ya kuishia na damu, damu hiyo huvaa "h": "haemoglobin", "haematology", "haemorrhage". Hilo la mwisho ni kutoka damu kwa wingi, kwa kuwa "rrhage" ni kububujika. "Rrhoea" ni dada yake, yaani kutiririka, na bila shaka unalijua neno "diarrhoea".

Kuna mikia mitatu inayofanana mpaka wanafunzi wa uuguzi wanaichanganya: "otomy", "ectomy" na "ostomy". Mbili za kwanza zimebeba "tom", kukata. Ndiyo iliyomo ndani ya "atom", kitu ambacho Wagiriki walidhani hakikatiki tena, na ndani ya "anatomy". "Otomy" ni kukata ili kufungua tu, kama "laparotomy", kufungua tumbo. "Ectomy" ina "ec", nje: kukata na kutoa nje. "Hysterectomy" ni kuondolewa mji wa mimba, "mastectomy" ni kuondolewa titi, "splenectomy" ni kuondolewa bandama. "Ostomy" haina "tom" ya kukata, ingawa herufi zake zinaonekana humo. Ina "stom", mdomo, na maana yake ni kutengeneza tundu la kubaki wazi: "colostomy" ni mdomo wa utumbo mpana unaotokezwa kwenye ngozi ya tumbo. Tofauti ya "otomy" na "ostomy" ni herufi moja, "s". Ndugu wa mgonjwa akiisoma vibaya hatajua kama jamaa yake atarudi nyumbani na mfuko tumboni au la. Weka kidole kwenye hiyo "s" kila mara.

"Graphy" ni kazi ya kuchora au kupiga picha, "gram" ni picha yenyewe, "scopy" ni kutazama ndani. "Colonoscopy" ni kutazama ndani ya utumbo mpana. Mikia hii inajieleza, tuendelee.

Hatua ya tatu: kisha rukia kichwani

Ukishaukamata mkia, tazama herufi za mwanzo. Zenyewe husema juu au chini, ndani au nje, nyingi au chache.

"Hyper" ni kuzidi, "hypo" ni kupungua au kuwa chini. "Hypertension" ni shinikizo la juu la damu, "hypotension" ni la chini. "Hyperglycaemia" ni sukari kupanda, "hypoglycaemia" ni sukari kushuka. Kwa mgonjwa wa kisukari tofauti hiyo ni kubwa sana. Sukari ikishuka anahitaji kitu kitamu upesi, na ikiwa imepanda, kitu hichohicho kinamzidishia. Mimi huwafundisha watu hivi: hyper ina herufi tano, hypo ina nne. Refu ni juu, fupi ni chini. Tangu nianze kulisema hivyo sijaona mtu akilisahau.

"Intra" ni ndani ya, "inter" ni baina ya, "sub" ni chini ya. Hizi zinakaa kwenye maelekezo ya dawa: "intravenous" ndani ya mshipa, "intramuscular" ndani ya msuli, "subcutaneous" chini ya ngozi, "sublingual" chini ya ulimi. Kidonge cha chini ya ulimi hakimezwi. "Hypodermic", lile neno la kwenye paketi za sindano, nalo ni chini ya ngozi, ila kwa Kigiriki. Umeona basi: Kiingereza kimekopa ngozi mara mbili, "derm" kutoka kwa Wagiriki na "cutan" kutoka kwa Walatini, na zote mbili zinafanya kazi hadi leo.

Nje ya hospitali utakutana na "anti", kupinga, na "dis", kutengua. Chukua lile neno la herufi 28 linalopendwa kwenye chemsha bongo, "antidisestablishmentarianism". Kutoka kulia: "ism", msimamo, "arian", wa watu fulani, "ment", hali, "establish", kusimamisha, "dis", kutengua, "anti", kupinga. Ni msimamo wa wale waliopinga kulitenganisha kanisa na dola. Lilikuwa suala la kweli Uingereza katika karne ya 19, na kwa Ireland wapinzani hao walishindwa: sheria ya kulitenganisha kanisa la huko ilipitishwa mwaka 1869.

Hatua ya nne: mizizi ya katikati, na udugu wake

Mizizi ni mingi, na kuikariri kama orodha ni mateso. Ishike kwa ukoo. Tafuta neno unalolijua tayari lenye herufi zilezile, ufunge hilo geni kwenye hilo la zamani.

Mfano ninaoupenda ni wa wanyama wetu. Kifaru ni "rhinoceros": rhino ni pua, ceros ni pembe. Pembe ya puani. Ukishamwona kifaru ndani ya neno, "rhinitis" haina siri tena: pua imevimba, yaani mafua. Kiboko ni "hippopotamus": hippo ni farasi, potamus ni mto. Farasi wa mtoni. Nenda sasa hadi Iraki ya kale, "Mesopotamia": "meso" ni katikati, kwa hiyo nchi iliyo kati ya mito, nayo ni Tigris na Euphrates.

Irudie na nyongo, "chole". Imo ndani ya "cholesterol", kwa kuwa dutu hiyo ilitambuliwa kwanza kwenye mawe ya nyongo. Imo pia ndani ya "melancholy", huzuni ya kudumu: "melan" ni nyeusi, na madaktari wa kale waliamini kwamba nyongo nyeusi ikizidi mwilini mtu huwa na majonzi. "Melan" hiyo ndiyo ya "melanin", rangi iliyomo kwenye ngozi yako, na ndiyo ya "Melanesia", visiwa ambavyo Wazungu waliviita hivyo kwa weusi wa watu wake. Umeanza na karatasi ya upasuaji ukamaliza kwenye ramani ya Pasifiki, na umepitia mizizi miwili tu.

Na ile "cyst" iliyotutia hofu? Maana yake ya asili ni kifuko, chochote kile. Ikisimama peke yake, madaktari humaanisha kifuko cha majimaji kisichotakiwa. Ikiwa ndani ya "cystitis" ni kibofu cha mkojo. Ikifuata "chole" ni kifuko cha nyongo, ambacho karibu kila mtu huzaliwa nacho. Kosa la yule kijana wetu lilikuwa kung'oa kipande na kukisoma bila majirani zake.

Hatua ya tano: usiitafutie maana ile "o" ya katikati

Watu hupoteza muda wakiuliza "o" ya gastr-o-enter-itis inasema nini. Haisemi kitu. Ni gundi ya kuunganisha vipande viwili ili vitamkike. Kipande kinachofuata kikianza na irabu, mara nyingi gundi huondoka: ndiyo maana tunaona "gastritis", si "gastroitis". Kati ya "gastr" na "enter" imebaki, kwa kuwa mizizi miwili ya viungo ikikutana gundi hushikilia hata mbele ya irabu. Nasi tuna mambo kama haya: mu na ana vikikutana tunapata mwana, na hakuna anayelalamika kwamba "u" imepotea.

Hatua ya sita: tahajia mbili za neno moja

Shule na hospitali zetu huandika Kiingereza cha Uingereza: anaemia, oedema, diarrhoea, paediatrics. Vitabu na tovuti za Marekani huandika anemia, edema, diarrhea, pediatrics. Ni maneno yaleyale. Ukitafuta mtandaoni ukakosa, ondoa "a" ya "ae" au "o" ya "oe" ujaribu tena.

Lakini angalia "ped" inavyoleta mtego. "Paed" ya Kigiriki ni mtoto, na "paediatrician" ni daktari wa watoto. "Ped" ya Kilatini ni mguu: "pedal", "pedestrian". Waingereza wakibakiza "a" yao tofauti inaonekana. Wamarekani wakiiondoa, mtoto na mguu wanavaa nguo moja.

Mitego mingine ya kuangalia

Njia hii inadanganya mahali fulani, na ni haki uambiwe.

"Helicopter" kila mtu huikata heli na copter. Mshono wake halisi uko kwingine: helico, mzunguko kama wa skrubu, na pter, bawa. Bawa linalozunguka. Masikio huweka mshono pasipo pake, kwa hiyo tafuta neno jingine lenye herufi hizo kabla ya kuamua.

"In" mara nyingi hukanusha: "visible" inaonekana, "invisible" haionekani. Lakini "inflammable" haimaanishi kitu kisichowaka. Maana yake ni kinachowaka upesi, sawasawa na "flammable", kwa sababu "in" yake ni ya kutia ndani, kutia moto. Ukiona neno hilo kwenye pipa au lori la mafuta, zima sigara, sogea. Kisichowaka huandikwa "non-flammable".

Na hata ukilifumua neno sawasawa, limekupa maana ya neno, halijakupa habari ya mgonjwa wako. Faida yake ni kwamba sasa unarudi kwa daktari na swali lenye kichwa na miguu: "Wameandika kwamba mama sukari ilishuka. Ilishuka lini, na tufanye nini ikishuka usiku?"

Kulitamka

Sisi huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho na kusahau. Kiingereza huuhamisha, ila mikia ileile uliyojifunza ndiyo inayoongoza. Penye "itis" mkazo uko kwenye "i" ya kwanza, nayo hutamkwa "ai": hepa-TAI-tis. Penye "osis" uko kwenye "o" ya kwanza. Penye "logy", "graphy" na "scopy" uko kwenye irabu iliyotangulia mkia: bai-O-loji, fo-TO-grafi. Penye "ectomy" uko kwenye "ec". Penye "tion" uko kwenye silabi iliyotangulia.

Herufi za Kigiriki nazo zina tabia zake: "ch" husomeka k, "ph" ni f, na "p" ya mwanzo wa "pneumonia" na "psychology" haitamkwi.

Daftari

Usipange kwa alfabeti. Fungua ukurasa mmoja kwa kila kipande, ukiandike juu, na kila unapokutana na neno lenye kipande hicho liingize hapo pamoja na mahali ulipoliona: kwenye chupa ya dawa, kwenye taarifa ya habari, kwenye kadi ya kliniki. Kipande kikishapata maneno matatu, hukisahau tena. Vipande thelathini vinatosha kwa mwaka wa kwanza.

Jaribio

Neno refu kuliko yote kwenye kamusi kubwa za Kiingereza lina herufi 45. Lilibuniwa mwaka 1935 na Everett Smith, kiongozi wa chama cha wapenzi wa mafumbo ya maneno Marekani, kwa makusudi ya kuwa refu: "pneumonoultramicroscopicsilicovolcanoconiosis". Chukua kalamu ulikate kabla hujasoma mstari unaofuata. Nakupa vipande viwili ambavyo hatukuvitaja: "pneumono" ni mapafu, "coni" ni vumbi.

Kutoka kulia: osis, hali ya ugonjwa, coni, wa vumbi, volcano, la volkano, silico, la silika, madini ya mchangani, microscopic, lisiloonekana bila hadubini, ultra, kupita kiasi, pneumono, mapafuni. Ugonjwa wa vumbi la volkano, la silika, dogo mno, lililoingia mapafuni. Madaktari wenyewe hawaliandiki. Wao huandika "silicosis", ugonjwa unaowapata wachimbaji wa madini na wapasua mawe, na hilo sasa unaweza kulikata bila kuinua kalamu.